Mvua ni ya Mungu, Mfereji ni wa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika kijana wa jumuiya yetu, huku kwenye miteremko ya Meru, pembeni mwa migomba ya babu yake. Alikuwa amefia Mererani, katika shimo ambalo hatutalitaja, yeye na wenzake wawili, baada ya mashine ya kupuliza hewa kuzimika wakiwa chini. Mwenye shimo alileta jeneza, akaleta na ng'ombe wa msiba, akaketi mbele karibu na wazee wa kanisa. Mahubiri yalikuwa mafupi na ya upole. Tuliambiwa kwamba aliyempa ndiye aliyemchukua, na kwamba mapenzi yake hayahojiwi. Hapo mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake, akasema bila kupaza sauti: "Baba Mchungaji, Mungu hakuzima ile mashine."

Kuna aliyekohoa. Mwimbaji mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo, nasi tukauitikia kwa nguvu kuliko kawaida, mpaka maneno yale yakafunikwa. Tunakumbuka vizuri jinsi tulivyoimba. Tulikuwa tunamnyamazisha, na wengi wetu tulijua hivyo wakati ule ule.

Yanayofuata hapa ni jibu letu kwake, lililochelewa. Swali ni dogo kulisema: tunapomzika mtu aliyeuawa na shimo, je, kusema "ni mapenzi ya Mungu" ni imani, au ni njia ya kumtwika Mungu mzigo ambao ni wa watu?

Tuanze kwa kuyatendea haki maneno hayo, kwa maana yamewabeba wengi. Mtu aliyefiwa akisema mwenyewe kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa Mungu, hakuna mwenye haki ya kumsahihisha. Lakini tuangalie nani alisema nini katika kitabu cha Ayubu. Maneno ya kutoa na kutwaa aliyasema Ayubu mwenyewe, siku ile ile ya msiba, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba bila neno, na hilo ndilo jambo jema pekee walilolifanya. Walipofungua vinywa kumweleza mpango wa Mungu, mwisho wake Mungu aliwakasirikia. Pale msibani sisi tulikuwa upande wa rafiki zake, tena tulikuwa hatujakaa hata hizo siku saba.

Sasa tuliangalie shimo lenyewe. Tanzanaiti ilitambuliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, kusini ya uwanja wa ndege wa KIA, na mpaka leo hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa. Mererani iko Simanjiro, mkoani Manyara, lakini mawe yake yamejenga Arusha. Madalali waliokuwa wakisimama mitaani mjini na bahasha zao, nyumba za ghorofa za Njiro na Sakina, shule na mabasi, na mabati ya makanisa yetu, vingi vimepita katika mashimo yale. Kijana anayeshuka huitwa mwanaapolo, jina ambalo inasemekana lilitokana na vyombo vya Apollo vilivyowapeleka Wamarekani mwezini. Wadogo kabisa, watoto waliopenya panapokataa mtu mzima, waliitwa nyoka. Tumelisikia jina hilo likitajwa kwa kicheko, na tulicheka pia.

Mwanaapolo kwa kawaida hana mshahara. Kuna mwenye leseni, kuna mfadhili anayegharamia chakula, baruti na mafuta ya mashine, na kuna vijana wanaokula posho wakisubiri siku ya jiwe, ili wagawiwe fungu lao. Inaweza kupita miaka. Utaratibu huu unaonekana kama habari ya fedha tu, lakini ndiyo mzizi wa habari ya vifo. Siku inayotumika kuimarisha dari la njia kwa magogo ni siku isiyo na jiwe. Mafuta yanayochomwa kupeleka hewa wakati hakuna anayechoronga yanahesabiwa kuwa hasara. Mfereji wa kuzuia maji ya mvua juu ya mdomo wa shimo hauna tanzanaiti ndani yake. Hakuna anayepanga kumuua mtu. Ila kila kitu kinachomlinda mtu kinasukumwa mpaka kesho, na wa kwanza kukisukuma mara nyingi ni mchimbaji mwenyewe, kwa sababu naye ana njaa ya siku ya jiwe.

Aprili 1998, katika mvua za El Niño, maji yaliingia katika mashimo ya Mererani na kuua wachimbaji wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 100. Juni 2002 watu wapatao 40 walikufa chini kwa kukosa hewa. Mwisho wa Machi 2008, usiku, mvua kubwa ilileta mafuriko tena, na zaidi ya watu 60 hawakutoka. Wanaoujua mgodi wanatueleza kwa nini maji huua wengi kwa mara moja. Chini kule kila kundi hufuata mwamba wenye jiwe, na mwamba haujali mpaka wa leseni. Kwa hiyo njia za shimo moja hukutana na za jirani, jambo ambalo wenyewe wanaliita mtobozano. Siku za kawaida mtobozano huleta ugomvi juu ya nani mwenye jiwe. Siku ya mafuriko huyachukua maji yaliyoingia kwa jirani na kuyaleta kwako, wewe ambaye pengine shimo lako ulilikinga vizuri.

Wala tusiseme hayo ni mambo ya Mererani, mbali nasi. Jumatatu ya Pasaka mwaka 2013, hapa hapa Arusha mjini, kwenye machimbo ya moramu ya Moshono, ukuta wa udongo uliolainishwa na mvua uliporomoka juu ya vijana waliokuwa wakipakia malori. Zaidi ya watu 10 walifukiwa. Jana yake tulikuwa tumeimba juu ya jiwe lililoviringishwa kutoka kaburini. Moramu ile haikuwa vito vya kupeleka ng'ambo. Ilikuwa ya kusawazisha barabara na viwanja vyetu.

Inatusaidia kuwatazama walioanza kuchimba zamani kuliko sisi. Makaa ya mawe kwetu yanachimbwa Kiwira na Ngaka, kusini mwa nchi, lakini historia yake ndefu, na makaburi yake mengi, iko Ulaya. Mwaka 1906 huko Courrières, Ufaransa, mlipuko mmoja uliua watu 1,099. Hata hivyo, ajali tunayoikumbuka zaidi ni ndogo kuliko hiyo. Julai 1838, katika kijiji cha Silkstone nchini Uingereza, mvua ya mawe na radi ilizima mashine ya kuwapandisha watu kutoka mgodi wa Huskar. Watoto waliokuwa chini waliogopa, wakaamua kutoka kwa njia nyingine iliyopanda polepole mpaka msituni. Kijito kilichokuwa jirani kikafurika, maji yakaingia njia ile, yakawabana kwenye mlango wa kuongozea hewa. Walikufa 26, wavulana 15 na wasichana 11, wadogo wao wakiwa na miaka saba.

Kijiji kiliwajengea mnara wa kumbukumbu penye uwanja wa kanisa. Ukiusoma, unasimulia kwamba siku ile Bwana alituma radi, mvua na mvua ya mawe, na kwamba watoto wale waliitwa ghafla mbele ya Muumba wao. Kisha unamwonya msomaji akae tayari, asije akaitwa naye. Kuhusu kijito kuwa jirani na mdomo wa mgodi, hakuna kitu. Kuhusu mtoto wa miaka saba kuwa chini ya ardhi siku ya kazi, hakuna kitu pia. Tulipousikia ujumbe wa jiwe lile tuliitambua sauti yetu. Ni mahubiri ya msibani kwetu, yamechongwa tu.

Lakini habari haikuishia kwenye jiwe. Watu wengine, ambao wengi wao walikuwa Wakristo pia, waliuliza swali la yule mama wa jumuiya yetu. Bunge la Uingereza likaunda tume, watoto wakahojiwa wenyewe wanafanya nini chini, na mwaka 1842 ikatoka sheria ya kuwaondoa wanawake wote, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10 katika migodi. Mwaka 1862, huko Hartley, nguzo kubwa ya chuma ya pampu ilivunjika, ikaangukia ndani ya shimo na kuliziba. Lilikuwa shimo pekee la kuingia na kutoka. Wanaume na wavulana 204 walikufa. Kabla mwaka haujaisha sheria ikaamuru kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Njia mbili! Hata panya wa shambani analijua hilo, na binadamu alihitaji maiti 204 ili alikubali.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kifaa peke yake humwokoa mtu. Mwaka 1815 Humphry Davy alitengeneza taa ya wachimbaji isiyowasha gesi ya mgodini. Ilikuwa baraka ya kweli. Lakini wenye migodi, wakiwa na taa ile mkononi, walianza kuchimba sehemu ambazo awali ziliachwa kwa sababu ya gesi, na kwa miaka mingi vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mashine ya hewa ya Mererani ina tabia hiyo hiyo. Pasipo mashine hakuna ambaye angethubutu kushuka mamia ya mita. Ikiwepo, watu wanashuka, na uhai wao wote unaning'inia kwenye mpira mmoja na dumu la dizeli ambalo mtu fulani juu anapaswa kukumbuka kulijaza.

Hapa ndipo Maandiko yalipotushtua, tulipoyasoma jioni moja katika jumuiya kwa ajili ya jambo lingine kabisa. Kutoka 21 inasema juu ya ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Akimuua mtu mara ya kwanza, ng'ombe anapigwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi mwenye ng'ombe anadaiwa uhai wa aliyekufa. Pembe ni zile zile, maiti ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliambiwa. Mistari michache mbele inakuja habari ya mtu anayechimba shimo asilifunike, akatumbukia humo ng'ombe au punda. Mwenye shimo atalipa. Mungu wa Kutoka hasemi kwamba punda alikuwa amefikiwa na siku yake.

Tuipime Mererani kwa kipimo hicho. Pengine mwaka 1998 mtu aliweza kusema kwamba mvua ile haikuwa imeonekana bado. Mwaka 2008 nani angesema hivyo? Ng'ombe alikwisha kuonekana pembe zake, miaka kumi nyuma, katika vilima vile vile. Mvua ilikuwa ya Mungu mara zote mbili, anayewanyeshea wenye haki na wasio haki. Njia iliyopita maji kuingia shimoni ilikuwa kazi ya mikono ya watu, na watu hao walikuwa wameonywa.

Na Bwana Yesu? Walipomletea habari za misiba, alitaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakusema kwamba Baba yake aliusukuma mnara. Aliwageukia wazima waliokuwa wakizungumza habari hizo na kuwaambia watubu. Mara nyingi tumeihubiri sehemu hiyo kama ule mnara wa Silkstone unavyohubiri: kaa tayari, hujui siku yako. Ni kweli. Ila kutubu ni kugeuka, na mtu aliyejenga mnara, au anayekula kodi yake, anageukaje bila kuuangalia msingi?

Wapo katika jumuiya yetu waliopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mzee mmoja, aliyewahi kushuka mwenyewe miaka ya themanini, alituambia: "Nyinyi mnaongea kama watu walioshiba. Kijana anajua hatari. Amechagua." Akaongeza kwamba mashimo yakifungwa kwa kukosa vifaa, vijana hao watarudi kugawana robo eka ya migomba na kaka zao watano, na huko nako watu wanakufa, polepole. Hatukuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba huku Meru ardhi imekwisha, na kwamba mwenye shimo mara nyingi ni mwanaapolo wa jana, aliyekopa ili anunue hiyo mashine. Mwaka 2020 Watanzania wote tulimwona mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, akiuzia serikali mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Kijana gani angebaki na jembe baada ya siku ile?

Lakini kuchagua kushuka si kuchagua mashine izimwe. Dereva wa bodaboda amechagua barabara, hakumchagua lori lisilo na breki. Tena hiari ya mtu asiye na shamba wala mshahara ni hiari nyembamba, na tukiifanya kuwa ngao ya mwenye nguvu tunaiharibu. Nchi yetu ina sheria ya usalama mahali pa kazi tangu mwaka 2003, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 2008. Kijana wetu hakuwa na mkataba, kwa hiyo kwenye karatasi hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Mama yake alipata jeneza na ng'ombe. Hayo yaliitwa msaada.

Kuna na kifo kingine ambacho hata hakihesabiwi. Mwamba wa tanzanaiti umejaa madini meusi ya grafaiti, ndugu ya makaa ya mawe, hivyo mchimbaji hutoka amekuwa mweusi kama mtu wa Kiwira. Pamoja na weusi huo anavuta vumbi la mawe lenye silika, ambalo hukaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Wengine wanaishia Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu kule Siha. Kuchoronga kwa maji hupunguza vumbi hilo sana, lakini maji ya kununua kwa boza yana bei. Mtu wa namna hii akifa miaka kumi baadaye, nyumbani kwake, hakuna anayeulizia shimo. Tumewazika kadhaa. Tulisema walikuwa wagonjwa.

Tumefika kwetu wenyewe, mahali tulipopakwepa. Kila baada ya ibada, pale nje, tunafanya mnada wa mazao ya sadaka. Kuku anayeuzwa elfu ishirini sokoni Tengeru hufika laki mbili akitokea ndugu yetu wa Mererani, nasi tunapiga makofi, na mwinjilisti anamwombea jiwe kubwa zaidi. Paa letu limepanda hivyo. Hatujawahi kumuuliza kama shimo lake lina njia mbili. Daudi alipoletewa maji ya kisima cha Bethlehemu na mashujaa watatu waliopenya kambi ya adui, hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akisema ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hakuwatukana waliomletea. Aliyaona maji yalivyo.

Tulipendekeza katika kikao kwamba usharika uwaombe washirika wenye mashimo watueleze mambo matatu tu: hewa, mfereji wa mvua, na njia ya pili ya kutokea. Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja alisema kanisa siyo ofisi ya madini. Mwingine alisema tutawafukuza kwa madhehebu mengine yasiyouliza maswali, na bila shaka ana haki ya kuogopa hivyo. Mzee wa miaka ya themanini, ambaye tulidhani angetupinga, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba mwaka fulani aliacha wenzake chini akapanda kwa kuwa alisikia ngurumo, na mpaka leo hajui kama ilikuwa roho ya Mungu au woga. Hatukupiga kura. Iliandikwa kwamba jambo litaendelea kuzungumzwa.

Machi iliyopita masika yalianza mapema. Meru ilijifunika wiki nzima, na mito yote inayoshuka huku kwetu ilikuwa ya kahawia. Jumuiya ilikutana nyumbani kwa yule mama. Zamu ya kuleta maombi ilipomfikia, hakutaka tuombe mvua ikome, maana mahindi yake yalikuwa yanaihitaji. Alimwomba katibu atoe simu ampigie mwenye lile shimo, pale pale, tukiwa tumekaa, amuulize kama mfereji umechimbwa. Katibu alitutazama. Kisha akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, mwenye shimo alitusalimu kwa furaha, akamsikiliza katibu mpaka mwisho, akasema mafundi wa greda wameahidi Jumatatu.

Mama akauliza, "Na vijana, leo wako juu au chini?"

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, na nyuma ya ukimya ule tuliisikia mashine ikinguruma.